Sufuri Mbili

Bomba hatulioni. Limezikwa mita moja na nusu
chini ya udongo mwekundu, toka matangi ya barabara ya Kipushi
hadi ng'ambo ya mto Kafubu.
Watu wamelima mahindi juu yake, wamelisahau.
Mimi ndiye ninayelipwa nisilisahau.

Nina fimbo mbili. Ndani ya kila moja
kipande cha shaba kimelala katika maji ya mrututu,
buluu kama sketi za wanafunzi wa Katuba
siku ya kwanza ya masomo.
Shaba ya hapahapa, labda: ilitoka ardhini,
ikaenda mbali ikanyooshwa, ikarudi
kuihoji ardhi.

Kabwit yuko nyuma yangu na bidoni la maji.
Ni Agosti, udongo umekauka kama unga,
na pasipo unyevu fimbo haisikii kitu.
Anamwaga, nachoma. Anamwaga, nachoma.
Tangu saa moja asubuhi.

Kule kituoni swichi inauwasha umeme wa kinga, inauzima,
inauwasha, inauzima.
Ganda la lami likiwa zima, udongo umetulia.
Likichubuka, hata kwa upana wa ukucha,
umeme wote wa jirani unakimbilia hapo
kama mashangazi waliosikia mtoto analia,
na mbio hizo ndizo zinazolisema jeraha.
Milivolti chache tu. Sindano inanyanyua kichwa:
liko mbele. Ukilipita, inageuka
kukuonyesha ulikotoka.

Sasa jambo ambalo wanagenzi wangu wote hulikosea.
Kuna sufuri mbili.
Ya kwanza, fimbo ziko mahali pazima, hakuna habari.
Ya pili, jeraha liko katikati kabisa,
linavuta huku, linavuta kule, sawasawa,
na sindano inasimama wima
kama askari aliyekwisha kupewa kitu kidogo.
Kwenye mita, sufuri hizo ni pacha.
Dawa yake: geuza fimbo, uache mstari wa bomba,
upime ubavuni.

Jumatatu nilimuuliza Kabwit, nyumbani vipi?
Hakuna neno.
Jumanne, hakuna neno.
Jumatano alijibu kabla sijamaliza kuuliza.
Alhamisi, kwenye kivuli chembamba cha kichuguu,
tukimega bukari baridi na sombe,
nikauliza habari za baiskeli yake,
ile nyekundu ya kubebea makala.

Alitafuna muda mrefu.
"Niliiuza."
Kisha, akiliangalia bidoni:
mtoto amezaliwa salama, mama yake salama,
leo siku ya tisa wamezuiwa wodini
mpaka deni lilipwe.
"Wanamwita kwa namba ya kitanda," alisema.
"Jina bado sijampa. Nitampaje kupitia dirisha?"

Saa tisa alasiri, nyuma ya lupango la Mama Yowa,
sindano ikasimama katikati.
Nikageuza fimbo. Ikaruka.
"Munatafuta almasi?" akauliza Mama Yowa,
naye akasogeza mwenyewe ndoo zake.
Tulichimba hadi kiunoni.
Lilikuwa jiwe, jiwe tu, mtu alilirudisha shimoni
pamoja na udongo, zamani, pengine Jumamosi ya mshahara,
na miaka yote hiyo limekuwa likiegemea.
Lami imechanika. Chuma chini yake
kimefunikwa utando mweupe kama chumvi,
hakijala kutu bado. Umeme ulikuwa umekesha nacho.

Tukasugua, tukapaka, tukazungushia utepe.
Daftarini niliandika: kilomita saba na mia tatu arobaini,
jiwe, limetibiwa.
Daftari halina safu ya Kabwit.

Jioni nilihesabu franka zangu mara mbili,
mara zote mbili hazikutosha.
Nikampigia simu Ngosa, msimamizi wetu.
"Kazi vipi huko?"
Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo
kumwambia hakuna neno.