Bitana

Nilianza na magodoro, Barabara ya Kumi na Mbili,
sufi puani, uzi wa mkonge kidoleni.
Sasa nawashonea wanajeshi.
Korona ya zamani ya Pongwe wameipaka rangi ya majivu;
palipokuwa na mashine ya kukwangua majani
wamesimamisha deraya: urefu wa mlango na nusu,
mota kila kiungo,
betri mgongoni kama mtoto asiyekua.

Mhandisi Kihiyo anaijua kwa tarakimu.
Inabeba kilo mia tatu. Inaruka mtaro.
Risasi ikiigonga kifuani, inaomba radhi.
Mimi naijua kwa ndani:
pale chuma kinapokutana na kwapa,
mshono unaokula bega,
jasho linavyotafuta njia na kuikosa.
"Wewe ni wa bitana tu," aliniambia, bila ubaya,
kama mtu anayesoma orodha ya vipuri.

Koplo Semkiwa nilimpima mara tano.
Kiuno, paja, mzunguko wa shingo.
Futi ikimgusa mbavu, anacheka.
Mguu wa kushoto umempungua upana wa kidole:
aliuvunja utotoni, akishuka mnazi wa watu.
Basi goti la kushoto nikaliongezea sufi,
na deraya, iliyofunzwa kumfuata,
ikajifunza kuchechemea.
Wahandisi walinuna. Mimi nilicheka kimoyomoyo:
chuma cha mabilioni
kinatembea kama mtoto wa Muheza.

Siku ya jaribio jua halikuwa na adabu.
Wakubwa walikuja na miwani na chupa za maji.
Ikatoka, ikafuata reli ya zamani ya mkonge,
ko, kooo. Ko, kooo. Tukaizoea.
Kisha mwendo ukanyooka.
Makofi.
Nikatazama miguu. Kushoto, kulia, sawasawa,
kama saa ya ukutani.
Nikapiga ukelele: "Mfungueni! Anayetembea si yeye!"
Wakatazama skrini. Skrini ilikuwa ya kijani.

Komeo lilikuwa nje, ufunguo mfukoni mwa Kihiyo,
na deraya haikufundishwa kusimama kwa kilio.
Dakika kumi na moja.
Tulipomvua alikuwa wa moto kama chungu,
midomo imepauka. Bitana yangu
ungeikamua ukajaza ndoo.
Alizindukia Bombo, siku ya pili,
akauliza kama amefika.

Jumatatu nikashona ndani, karibu na kidole gumba,
kamba ya mkonge, nikaipitisha hadi kwenye komeo.
Vuta, fungua.
Kwenye mchoro haina namba.
Hakuna aliyeiulizia.

Ripoti niliiona mezani nilipopeleka uzi.
Zile dakika kumi na moja wamezipigia mstari:
*Imetembea bila msaada wa aliyemo. Mafanikio.*
Aliyemo. Hata jina wamemnyima.
Nikaweka uzi pale pale, juu ya neno hilo,
nikatoka bila kuaga.

Jana Kihiyo kaja na toleo la nne, bado linanuka rangi.
Goti lipo, kifua kipo, mgongo upo.
Nikatoa futi, nikatafuta pa kuanzia.
Nikaingiza mkono hadi bega;
vidole vikagusa nyaya, na nyaya, na nyaya.
Nikamuuliza kipimo cha anayevaa.
Akakuna kidevu.
"Hii, bibi," akasema, "bitana ya nini?"