Maana Yake

"Kikosi" maana yake ni watu kumi na mmoja
waliotajwa kwa majina na vyeo katika Kiambatisho A,
sita wa upande huu wa Danube, watano wa upande ule,
na hakuna mwingine.

Hapo kwenye "na hakuna mwingine"
Piroska Halmos anaweka kalamu chini.
Ni saa tatu usiku, Komárom, mwezi wa pili.
Chai ya limau imepoa, bomba la joto linakohoa ukutani,
na nje mto unasukuma mapande ya barafu
bila kuuliza pande lipi ni la nchi ipi.

Tishari lilizama Novemba, katikati kabisa ya mto.
Mabaharia saba. Wanne walielea kaskazini,
wawili kusini,
wa saba hakuchagua.
Ndiyo maana kuna mkataba.

Wiki ya tatu sasa wanabishania maneno.
Wapiga mbizi ni kikosi, au ni vifaa vya kikosi?
Mkalimani akisikia siri, amesikia nani?
Kiongozi ni yule ambaye ardhi yake inakanyagwa,
lakini majini, nani anakanyaga nini?
Bohuslav Krajčí, mwendesha mashtaka, mpole, mwenye mafua,
anakata "wakiwemo" na kuandika "ambao ni".
Anajua anachofanya.
"Wakiwemo" ni mlango ulioegeshwa;
"ambao ni" ni mlango, komeo, na mbwa.

Uchunguzi: neno refu.
Ling'oe mkia, uchungu huo hapo,
ulikuwa umekaa ndani muda wote,
kimya, kama abiria asiye na tiketi.

Piroska anamfikiria Etelka Vadkerti,
mjane wa ghorofa ya nne, dirisha linalotazama gati,
ambaye kwa miaka kumi na moja ameandika daftarini
namba ya kila tishari, saa lilipopita,
na jinsi lilivyozama kwa mzigo.
Hakutumwa. Usingizi ulimkimbia tu.
Ni yeye aliyesema: lile lilishiba kupita kiasi,
mstari wake mweupe haukuonekana,
na siku tatu kabla lilipita vilevile,
na mkaguzi akalipungia mkono.

"Tuongeze," anasema Piroska, "na mtu mwingine yeyote
ambaye msaada wake..."
"Hapana." Krajčí anapenga kamasi.
"Hilo 'yeyote' wakili wa kampuni atalila kwa uma na kisu.
Atauliza: huyu bibi ni nani?
Nani alimwapisha? Nani alimlipa?
Na nguo nzima itafumuka kwa uzi huo mmoja."

Yuko sahihi. Hilo ndilo linalouma.

Wanaafikiana saa sita kasorobo.
Bibi hayumo. Daftari limo:
Kiambatisho D, kielelezo cha kumi na nne,
"daftari la mistari, jalada la bluu, kurasa tisini na sita,
mali ya mtu binafsi."
Wanatia saini kwa lugha mbili, zote zenye nguvu sawa.

Mwezi wa nne Etelka anapanda ngazi za ofisi
kwa miguu yake inayovimba.
Anataka daftari lake. Si lote.
Ukurasa wa arobaini, anasema, nyuma ya matishari ya Juni,
aliandika maandazi ya plamu ya dada yake,
aliyemsomea kwa simu wiki moja kabla hajafa:
unga kiasi gani, viazi kiasi gani.

Sheria hairuhusu kielelezo kutoka.
Nakala inaruhusiwa.
Basi Piroska anaitoa, na kwa kuwa kifungu cha tisa kinataka hivyo,
anaipeleka ng'ambo ya daraja, inarudi baada ya siku sita
na mihuri miwili, saini mbili, na maneno haya:
nakala halisi ya ukurasa wa arobaini.

Viazi kilo moja.
Yai moja.
Plamu kumi na mbili, zitolewe kokwa.
Chumvi kiasi.

Kiasi hakikufafanuliwa popote.
Pande zote mbili zimeridhia.