Pingamizi Dhidi ya Upepo

Nahodha Aivar Rebane aliingia na maji viatuni,
akauliza aketi wapi asiharibu zulia.
Jumanne, La Coruña, mvua imeshika madirisha.
Mimi ni karani tu. Napiga taipu wanachoapa wengine.

Wakili Outeiriño alisoma maneno ya desturi,
yale yale tangu enzi za baba yake:
kwamba meli ilitoka Pärnu ikiwa nzima, haivuji,
mifuniko ya ngama imefungwa barabara;
kwamba usiku wa tarehe tisa, katika Ghuba ya Biskaya,
bahari ilipanda sitaha, ikang'oa mashua ya kuokolea,
ikatia chumvi tani mia mbili za shayiri;
na kwamba yeye, nahodha, kwa hiyo
anaweka pingamizi dhidi ya upepo, na dhidi ya mawimbi,
na dhidi ya yeyote ambaye jambo hili litamhusu.

Hapo nilisita, kama nisitavyo kila mara.
Upepo haujawahi kuja kujitetea.
Hauna anwani. Samansi tungeibandika wapi?

"Barabara," mkalimani alirudia.
Nahodha akatazama mikono yake,
kidole gumba kimevimba, rangi ya biringani.
"Andika: imefungwa. Hilo la barabara, liache."

Wakili akavua miwani.
Watu wa bima hulipenda sana neno hilo.

Basi akaeleza, polepole, si kwa wakili;
kwa mashine yangu, nadhani.
Serahangi wake, Kaarel Põld, alimwambia gatini
kabari moja, upande wa kushoto, inacheza.
Kabari ya mti, haizidi mkate.
Naye alijibu: kesho.
Kesho ikaja na kazi zake. Keshokutwa, ukungu.
Kisha ghuba.

"Pengine ingeng'oka hata ingegongwa na malaika.
Sijui. Ndiyo maana siapi."

Saa ya ukutani ikala dakika zake.
Nikarudisha rola mstari mmoja,
nikapiga x juu ya neno lile, herufi kwa herufi,
mara nane.
Pembeni wakatia saini, yeye na wakili na mashahidi wawili,
kama sheria itakavyo kwa kila kilichofutwa.

Lakiri ikamwagika, ikapoa.
Alilipa. Akaomba nakala moja ya ziada,
ya serahangi, aliye hospitali, mbavu tatu.

Aliyefuata alikuwa mjane, na shauri la paa la jirani
lililotua bustanini mwake.