Bila Shoka

Alhamisi, chumba cha chini nyumbani kwa Marlys Haugen,
mjini Duluth, theluji imeziba nusu ya dirisha.
Tanuru linakohoa nyuma ya pazia.
Tunamwaga kete mezani.
Marlys anachonga penseli.

Miaka thelathini na mmoja alipima mabehewa ya chuma ghafi
pale gatini, kabla hayajamwagwa melini.
Yeye amestaafu; mizani bado.
Ana daftari la mistari ya kijani
na humo tumo sote, na kila tulichobeba.

Podo la mishale ishirini: ratili moja.
Deraya ya pete: hamsini na tano.
Chapeo, ngao, mienge sita, mkate mkavu wa siku saba,
kamba ya katani. "Futi ngapi?" Hamsini. "Basi kumi."
Hata dhahabu hailali bure mfukoni:
sarafu hamsini, ratili moja.
Haba na haba hujaza kibaba,
kisha kibaba hukuvunja mgongo.

Tulimchukia kidogo, sifichi.
Kirby, kijana wetu, alibeba ngazi tatu,
jiwe la kusagia na sanamu ya mungu wa vyura.
"Vyote hivyo viko wapi mwilini mwako?"
"Mfukoni."
Penseli ikasimama.
Tukangoja kama wasafiri mbele ya afisa wa forodha.

Nami nilikuwa mwizi wa ratili.
Niliandika "kamba" nikauacha uzito wake nje,
nikahesabu viatu vya chuma kama soksi.

Mwezi wa pili Orrin hakuja.
Wa tatu hakuja.
Tulikuwa tumekwisha kusimama kanisani,
makoti yakidondosha maji sakafuni,
na mimi nilikuwa wa nne kati ya wabebaji sita.
Alikuwa mtu mwembamba. Sikutegemea
mkono wangu utetemeke vile.

Karatasi yake ilibaki kwenye jalada:
Brumund wa Ndevu Mbili, mwenye shoka.
Wendell, msimulizi wetu, hakumpa kifo cha kishujaa.
Nge tu, gizani, ghorofa kumi na mbili chini ya ardhi,
na kete moja mbaya.

"Mnamwacha hapo?" Wendell aliuliza,
sauti yake ikijitahidi kuwa ya mchezo.
"Tunamtoa," nikasema.
Kirby hakuinua macho. "Andika sifuri, Marlys.
Kwa leo tu. Andika sifuri."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa,
na pengine kijana alitaka hilo tu:
usufi, usiku mmoja.

Marlys alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta.
"Orrin hakuwa sifuri.
Ratili mia moja themanini na mbili."
Akavaa tena miwani.
"Bila shoka."

Basi Kirby akatua ngazi. Zote tatu.
Akatua jiwe. Chura alimshika muda mrefu,
akamweka kwenye kona ya pango, akitazama ukuta.
Mimi nikamwaga sarafu mia tisa, jasho la miezi minane,
na bado mgongo wa Brumund ulikuwa unagusa chini.
"Kuna kamba pia," nikasema. "Ile ya zamani.
Sikuwahi kuiandikia uzito."
"Najua," akasema, akanigeuzia daftari:
pembeni mwa jina langu alama ndogo ya penseli,
tangu mwaka juzi.

Yeye mwenyewe aliacha vitabu vya uchawi,
kimoja kimoja, akikitaja kila kimoja kwa ratili zake
kama anayewaita watoto ndani giza linapoingia.
Mabaki ya raba yalijaa mezani, kijivu,
Wendell akayakusanya kwa kiganja, asijue pa kuyatupa.

Tulibakiwa na mwenge mmoja
na mkate wa siku mbili.
Kwa kanuni, aliyelemewa huenda nusu ya hatua.
Ilituchukua Alhamisi nne kulifikia jua.
Hakuna aliyeomba ziwe tatu.