Ondoa Bai

Buguruni Malapa, kwa fundi Shomvi,
nimepeleka guta langu lizibwe pancha.
Guta lina matairi matatu, hilo halina ubishi.
Baiskeli, mawili.
Lakini kile kilichoegemea ukuta,
kiti juu ya bomba, bomba juu ya ringi,
pedali zimechomelewa kwenye kitovu,
kile kinaitwaje?

Muuza kahawa akasema: nusu baiskeli.
Mwalimu Kidunda, mstaafu, akatua kikombe:
"Bai ni mbili kwa Kizungu, skeli ni duara.
Ondoa bai."
Tukaondoa. Ikabaki skeli,
jina kama mtu aliyeng'oka meno ya mbele.
Tukacheka mpaka pancha ikasahaulika.

Fundi hakucheka.
Alikuwa anakaza spoku zangu moja moja,
anaigusa kwa kucha, anasikiliza.
"Ringi ya mbele ilikunjwa na lori, pale Tazara.
Hii ya nyuma ndiyo waliyoniletea.
Hii, na viatu vya Mosi."

Kahawa ikapoa.

Binti akatoka ndani, chapati mkononi,
akakipanda kile kitu kama ngazi ya kwao.
Akayumba mbele, akayumba nyuma,
hana breki, hana usukani wa kulaumu,
akashika njia ya vumbi kuelekea reli
huku anatafuna.

"Pili!" baba akaita. "Pili, magharibi isikukute huko!"

Mwalimu alikuwa bado anahesabu kwa vidole:
tairi moja,
na Pili juu yake.
Akairudisha bai mahali pake,
kimyakimya, bila kutuambia.