Mbona Kanisa Linakimbia

Jumatatu hadi Ijumaa kazi yangu ni moja, kuwatuliza.
Tulia. Inua kidevu. Usicheke, hii ni ya fomu.
Pale Mbale, mlango wa pili kutoka mashine ya kusaga,
pazia la samawati ukutani, vumbi la unga kwenye lenzi,
nimepiga nyuso za nusu ya kaunti
na sijaona hata mmoja akipumua.

Dada yangu Jendeka alinipigia Jumapili:
Njoo umpige Kageha, leo ametimiza saba,
babake yuko Doha, anataka kumwona.
Amevaa nini? nikauliza.
Akacheka. We njoo na viatu vya kukimbilia.

Nilimkuta mwambani, ule mkubwa nyuma ya kanisa,
uliolainishwa na makalio ya vizazi.
Wanakalia ganda la mgomba, wanaachia,
wanafika chini wakiwa lundo, wanapanda tena mbio.
Suruali ya Kisia iliaga dunia zamani,
imebaki mishono.

Nikaanza na sehemu ya elfu moja ya sekunde.
Kilango cha kamera kikafunguka, kikafungwa,
kope haijui.
Akaganda. Kila tone la tope unaweza kulihesabu,
vishikizo, kovu la goti, mdomo wazi usio na ukelele.
Niliitazama kwenye kioo kidogo ikanitia baridi:
mtoto ametundikwa hewani,
hatoki popote, haendi popote.

Basi sehemu ya thelathini. Nikabana pumzi.
Akapita, ukabaki mchirizi wa njano,
gauni lisilo na mwenyewe,
kama ubao uliofutwa na mwalimu mwenye haraka.
Jendeka akachungulia begani mwangu. Huyu ndiye!
Hivi ndivyo ninavyomwona kutwa.
Kisha akanyamaza. Lakini babake
atauliza uso uko wapi.

Saa tisa, na mbingu ya Maragoli haikopeshi.
Wingu likajisogeza juu ya vilima, zito kama ng'ombe mwenye mimba,
nami nikawa nashusha namba:
mia mbili hamsini, mia na ishirini na tano, sitini.
Mwanga ukipungua kilango hukawia,
kikikawia mtoto huponyoka.
Hizo ni hesabu. Hazina mjomba.

Kageha akasimama mbele yangu, mikono kiunoni,
jino moja la mbele halipo:
Kwani wewe ni mlingoti wa stima?

Nikavua viatu.
Kisia akanipa ganda lake, kwa masharti.
Tulishuka sambamba, yeye kushoto, mimi kulia,
kilo themanini na tatu za mpiga picha mwenye leseni,
kamera kifuani, kidole kikibonyeza
bila kujua kinabonyeza nini,
na matone ya kwanza yakinipiga utosini.

Kumi na moja zilikuwa matope. Moja ilikuwa anga.
Moja tu, ya sehemu ya sitini,
uso wake umetulia kuliko wowote uliowahi kuketi studioni,
pengo, kope, tone la mvua juu ya pua,
ananitazama, anacheka nikianguka,
na nyuma yake dunia nzima imekuwa maji:
migomba, mabati, shati la Kisia, msalaba,
vyote vimevutwa kuwa nyuzi.

Tuliituma jioni ile, mtandao ukisuasua.
Jibu lilirudi saa nane usiku,
Jendeka akaniamsha kunisomea:

Mbona kanisa linakimbia?