Hamsini na Moja

Kinu kikizimwa saa mbili usiku
unga ukingali kwenye nyusi zangu
nafungua laptopu iliyopasuka kona
na kukirudia kiti changu cha enzi.

Wengine huteka.
Mukhwana, binamu yangu, huteka
mpaka ramani nzima iwe rangi moja,
kisha analia: waasi kaskazini, waasi kusini,
hazina tupu, jeshi linakimbiza moshi.
Kuteka nchi, namwambia,
ni kununua ng'ombe pamoja na kupe wake.

Mimi nikishinda namwachia mfalme taji.
Namwachia bendera, mahakama,
hata nyimbo za kunitukana.
Kaa, namwambia. Tawala.
Vita vyangu viwe vyako,
na kila mwaka kije kwangu kitu kidogo.

Ninao watano. Sarmeni wa milimani, mkali,
nimempa mpaka wote wa baridi aulinde.
Kolto wa bandarini namchunga kama maziwa motoni.
Wawili ni ndugu wasioamkiana, na ni heri,
maana anayemchungulia jirani
hana jicho la kunichungulia mimi.
Na Vadhia, mikoa mitatu tu,
ambaye mara nyingi namsahau.

Asiwepo anayetosha kusimama peke yake.
Mtumie zawadi kabla hajaomba.
Na itazame ile namba ndogo chini ya jina lake,
kiu ya uhuru:
ikivuka hamsini hatakuja vitani,
ushuru utachelewa,
na barua zake zitakuwa na adabu kupita kiasi.

Ijumaa simu hulia kutoka Nakuru.
Kaka yangu Khaemba hasemi "tuma".
Husema, "Mambo ya hapo Webuye?"
Kinu ni chake, mota ni yake.
Ukutani fundi wa rangi aliandika
KWA NASIPWONDI UNGA SAFI,
na herufi zile, nyekundu, zimeinama kidogo,
ndizo bendera yangu.
Mota ilipoungua mwezi wa tatu
alileta fundi kabla sijaomba.

Duka la mbolea la Kimilili lipo mkononi mwa Namarome.
Trekta la Naitiri analo Mukhwana, huyo huyo.
Mwaka jana Khaemba alininong'oneza
kwamba Mukhwana ananionea kijicho.
Mukhwana alinong'onezwa nini, sijui.
Tangu hapo kila mtu anacheza kwake.

Leo nimeshika simu, kidole juu ya namba ya siri,
elfu sita na mia tano kama kila Ijumaa,
na kwenye kioo Vadhia analeta barua:

    Salamu zikufikie, natumai u mzima,
    Mwaka huu vumilie, na mto umesimama,
    Njaa itupungukie, ndipo nitaleta, mama,
    Jeshi nalo litulie, kwako sina la kusema.

Mchezo haukuandika hivyo.
Uliandika mstari mmoja mkavu, na namba: 51.
Mimi ndiye niliyeusoma hivyo,
nikiwa na unga kwenye nyusi.

Ningeweza kumponda kabla stima haijakatika.
Mikoa mitatu! Sarmeni peke yake angemmaliza
huku mimi nachemsha chai.
Nimekaa tu. Nyuma yangu mota inapoa gizani,
ikialika tik, tik,
chuma kinarudia ukubwa wake.

Simu nimeifuta unga kwa kanga,
nimeandika taratibu, nikisahihisha herufi:
Shikamoo kaka mpendwa. Natumai nyote wazima.
Msalimie sana wifi, na watoto, na majirani wote.
Wiki hii wateja wamekuwa wachache mno.
Mungu akuzidishie.